Mvua, udongo na shantye: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanaojenga Bukavu

Maswali haya ni yale yanayorudi kila mwaka mvua za Septemba zinapokaribia: kutoka kwa wenye viwanja, mafundi, wasimamizi wa shantye (maeneo ya ujenzi), na majirani waliokuta matope sebuleni. Tumeyapa namba ili jibu moja liweze kukupeleka kwa jingine. Kama mvua imeshaanza kunyesha na wewe unasoma ukiwa na udongo wazi nje, ruka moja kwa moja hadi swali la 24.

## Mambo ya mwanzo

1. Mpango wa maji ya mvua ni kitu gani? Si mvua inanyesha, inapita?

Inapita, lakini haipiti mikono mitupu. Kiwanja chenye majani kinapoteza udongo kidogo sana. Ukishafyeka, ukachimba msingi na kurundika kifusi, tone la mvua linapiga udongo mtupu, linaufumua, na maji yanaubeba. Yakiondoka hapo yanakuwa mazito, yanakata zaidi, na kila mita ya mteremko inayaongezea kasi.

Mpango ni majibu ya maswali manne kabla jembe halijaingia: maji yanaingilia wapi, yatapita wapi ndani ya shantye, yatatokea wapi, na yakitoka yatakuwa yamebeba nini. Mengine yote kwenye ukurasa huu ni ufafanuzi wa hayo manne.

2. Parseli yangu (kiwanja) ni mita 15 kwa 20 tu. Mambo haya si ya makampuni makubwa?

Piga hesabu. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya milimita 40, ambayo Bukavu si ajabu kabisa kuipata alasiri moja, inamwaga lita 12,000 kwenye mita zako 300 za mraba. Hayo ni mapipa 60 ya lita 200, nayo ni ya kwako peke yako, kabla hujahesabu yanayotoka kwa jirani wa juu.

Tena mji wetu haukuharibiwa na shantye moja kubwa. Umebanwa na maelfu ya parseli ndogo za Kadutu, Bagira na Panzi, kila moja ikisukuma maji yake kwa inayofuata. Kiwanja kidogo kina ubaya wake wa ziada: hakina nafasi ya kosa. Mwenye hekta mbili anaweza kuacha matope yatulie kwenye kona. Wewe kona yako ni mlango wa mtu.

3. Ndugu yangu amejenga Goma na hakuchimba hata mtaro mmoja. Kwa nini mimi Bukavu nisumbuke?

Kwa sababu hamjengi juu ya kitu kimoja. Sehemu kubwa ya Goma imekaa juu ya mawe ya volkano, pamoja na lava iliyomwagwa na Nyiragongo mwaka 2002 na 2021. Mawe yale yana nyufa na matundu, maji yanazama. Shida za Goma zipo, ila ni za aina nyingine.

Bukavu ni vilima vya udongo mfinyanzi mwekundu, matokeo ya mawe ya kale ya volkano kuoza kwa muda mrefu sana. Ukikauka unapasuka, ukilowa unavimba na kuteleza. Mji uko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, mvua zinanyesha kuanzia Septemba hadi Mei, na kila korongo linashuka kuelekea Ziwa Kivu au Mto Ruzizi. Ushauri wa mtu wa Goma kuhusu maji, hata awe ndugu wa damu, usiuchukue.

4. Mpango wenyewe unaandikwaje? Nahitaji injinia?

Kwa nyumba ya kawaida kwenye mteremko wa wastani, karatasi moja inatosha. Chora mipaka ya parseli. Weka mshale mkubwa kuonesha upande wa kushuka. Weka alama kila mahali maji yanapoingilia: kona ya jirani, njia ya miguu, tundu la ukuta. Chora nyumba itakapokaa, kifusi kitakapowekwa, mchanga na simenti vitakaposhushwa, choo, na mahali pa kuoshea vifaa. Kisha chora njia ya maji kutoka juu hadi chini bila kupita kwenye kitu chochote kati ya hivyo. Ukishindwa kuichora kwenye karatasi, kwenye udongo ndiyo hutaweza.

Nenda ukaiangalie parseli mvua ikiwa inanyesha. Nusu saa chini ya mwavuli itakuonesha zaidi ya mchoro wa mtu aliyekuja Julai.

Injinia ni lazima pale unapokata ukingo mrefu kuliko mtu, unapojenga ukuta wa kushikilia udongo wa mita mbili kwenda juu, au kiwanja kikiwa na dalili zilizotajwa kwenye swali la 21.

5. Nianze kuchimba mwezi gani?

Juni. Kiangazi chetu ni kifupi, Juni hadi Agosti, na watu wengi wanakimaliza wakitafuta simenti ya bei nzuri. Kazi za udongo ndizo zinazotakiwa kumeza miezi hiyo: kukata, kusawazisha, mitaro, msingi, kuta za kushikilia. Ikifika mwisho wa Agosti, usiwe na udongo uliofumuliwa ambao haujafunikwa au kupandwa. Kuta za nyumba na paa zinaweza kuendelea hata mvua ikinyesha, kingo hazisubiri.

Kama pesa zinakuja Novemba, chimba kipande kwa kipande. Fungua sehemu ya msingi, jaza, funika, ndipo ufungue nyingine. Fundi atalalamika kwamba unamchelewesha. Mwache alalamike.

## Maji yanayoingia

6. Maji mengi yanatoka kwa jirani wa juu. Mimi nitafanya nini?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake ndilo kazi ya kwanza kwenye shantye yoyote ya mlimani: mtaro wa kukinga, unaochimbwa kwa upana upande wa juu wa parseli kabla ya kitu kingine chochote. Kabla ya msingi, kabla hata ya kushusha mchanga. Unapokea maji safi ya juu na kuyapeleka pembeni, yasikutane na udongo wako uliofumuliwa. Maji yasiyopita kwenye udongo mtupu huna haja ya kuyachuja.

Upana wa sentimita 40 na kina cha 40 unafaa kuanzia kwa parseli ndogo. Udongo unaotoka urundike upande wa chini wa mtaro, ushindiliwe uwe tuta, si upande wa juu ambako mvua ya kwanza itaurudisha ndani.

Na uende ukaongee na jirani huyo, kwa heshima, ukiwa umefika mlangoni mwake na si kwa kupiga kelele kutoka chini. Mara nyingi maji yake yote yanatoka kwenye paa lisilo na mfereji. Bati za mita 100 za mraba, kwa mvua ile ile ya milimita 40, zinatoa lita 4,000, yaani bidoni 200 za lita 20. Mkichangia mfereji wa paa na tanki, yeye anapata maji ya kufulia na wewe unapata usingizi.

7. Mtaro uwe na mteremko kiasi gani, na niupimeje bila mashine?

Mtaro wa udongo mtupu ushuke sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita. Chini ya hapo matope yanatuama na kuuziba. Zaidi ya hapo maji yanaanza kukata sakafu ya mtaro, na mtaro uliokatwa ndio unaozaa korongo.

Kipimo unacho: nivo ya maji ya fundi, ule mpira mwembamba unaopitisha mwanga. Ujaze maji, hakikisha hakuna povu la hewa ndani, kwani povu moja litakudanganya kwa sentimita kadhaa. Funga ncha moja kwenye mti ulionyooka, nyingine kwenye mti wa pili, simameni mita 5 kutoka mmoja hadi mwingine. Maji yatatulia usawa mmoja pande zote. Weka alama kwenye miti yote miwili, kisha pima kutoka alama hadi chini. Tofauti ya sentimita 5 hadi 10 kati ya miti hiyo miwili ndiyo unayoitafuta. Piga kigingi, songa mbele.

Kama lazima mtaro ushuke mkali, ujenge kwa mawe, au uweke vizuizi vidogo vya mawe kila baada ya hatua chache. Kanuni yao ni rahisi: kichwa cha kizuizi cha chini kiwe usawa mmoja na mguu wa kile cha juu yake. Kwenye mteremko wa mita 1 kwa kila mita 10, kizuizi cha sentimita 50 kinafuatwa na kingine baada ya mita 5. Katikati pawe chini kuliko pembeni kwa sentimita 15 hivi. Watu wanasahau hapa: wanajenga kizuizi kilichonyooka juu, maji yanazunguka pembeni, na kingo zinaliwa.

8. Naweza kuelekeza maji yangu kwenye kanivo (mtaro) ya barabara?

Maji safi, ndiyo, kama kanivo ipo, ina mahali pa kutokea, na ofisi inayosimamia barabara hiyo haina pingamizi. Maji yenye matope, hapana. Kanivo nyingi za Bukavu zimejaa chupa na mifuko. Ukiongezea udongo wako, unamaliza nafasi iliyobaki, na mvua inayofuata inatembea katikati ya barabara. Basi salongo, ile kazi ya pamoja ya usafi ya Jumamosi, inakuwa ya kuchota udongo wako, na majirani wanajua ni wa nani kwa sababu rangi yake ni ya shimo lako.

Pitisha kwanza kwenye shimo la kutulizia (swali la 12).

## Kushikilia udongo

9. Kifusi nikiweke wapi?

Mbali na mtaro, mbali na ukingo wa shimo, na kamwe si kwenye mpaka wa chini. Rundo lililowekwa kwenye mdomo wa msingi ni hatari pia kwa vijana wanaochimba: mita moja ya ujazo ya udongo uliolowa inakaribia tani mbili, na haitoi onyo.

Tenga udongo mweusi wa juu, ule wa kina cha koleo, uuweke peke yake. Utauhitaji kupandia majani mwishoni. Udongo mwekundu wa chini hauoteshi kitu kwa haraka, na anayeuchanganya na mweusi anajinyima dawa iliyokuwa bure.

Jioni, funika kwa shitingi (turubai la plastiki) na uiwekee mawe pembezoni. Kama rundo litakaa zaidi ya wiki mbili, zungushia mstari wa mawe au vitita vya matete upande wa chini.

10. Magunia ya udongo yanatosha?

Kwa muda, ndiyo. Kwa kudumu, hapana, ingawa ukipita Kadutu utaona kingo nzima zilizokaa juu ya magunia kwa miaka. Magunia ya plastiki yanaoza juani. Baada ya miezi kadhaa yanapasuka ukiyagusa na udongo unamwagika wote kwa pamoja. Yakitumika, yasijazwe hadi mdomoni, yajae robo tatu ili yakae bapa. Yapangwe kama matofali, kila gunia likifunika ungio la mawili ya chini. Na kila safu irudi nyuma kidogo kuelekea mlimani. Yafunike kwa udongo na majani ili jua lisiyaone.

11. Nimeambiwa nifunge shitingi kwenye miti upande wa chini, izuie matope. Inafanya kazi?

Shitingi nzima haichuji. Inageuka ukuta wa nailoni, maji yanajaa nyuma yake, inaanguka, na jirani anapokea kila kitu kwa mkupuo. Kinachohitajika ni kitambaa kinachopitisha maji na kubakiza udongo. Kipo kitambaa maalumu cha kazi hiyo. Ukikikosa, magunia ya mchele yaliyopasuliwa na kushonwa pamoja yanasaidia, ingawa yanaziba upesi.

Namna ya kukifunga ndiyo inayoamua. Chimba mfereji wa sentimita 15, ingiza ukingo wa chini wa kitambaa, fukia na shindilia. Miti isipite mita 2 kutoka mmoja hadi mwingine. Kifuate usawa wa kilima, ncha zake mbili zikunjwe kuelekea juu ili maji yasichepuke. Na kisiwekwe kukatiza mtaro au kijito: hapo weka mawe.

12. Shimo la kutulizia matope liwe kubwa kiasi gani?

Kipimo kinachotumika sana Marekani ni takriban mita za ujazo 250 kwa hekta ya udongo uliofumuliwa, yaani lita 25 kwa mita ya mraba. Kwa parseli ya mita 300 za mraba ni mita za ujazo 7.5: urefu wa mita 4, upana wa mita 1.5, kina cha mita 1.25. Liwe refu kuliko upana, maji yaingilie mwisho mmoja na kutokea mwisho mwingine, juu ya mawe.

Liwekee uzio. Watoto wa avenyu wanacheza kwenye shantye, na shimo lenye maji mekundu halioneshi kina chake.

Lichotwe likifika nusu. Sasa ukweli usiopendeza: shimo hili linakamata mchanga na chembe kubwa. Mfinyanzi wenyewe, ule unaofanya maji yawe na rangi ya chai ya maziwa, unahitaji siku kadhaa za maji kutulia ili ushuke mita moja tu. Ndiyo maana kufunika udongo usifumuliwe kuna faida kuliko kuukimbiza ukishaanza safari.

13. Fundi anataka kukata ukingo wima ili nipate nafasi. Nikubali?

Udongo wetu ukiwa mkavu unasimama wima vizuri sana, na hapo ndipo unapodanganya. Utasimama Julai na Agosti. Ukilowa unapoteza nguvu, na ukingo wa mita 3 unaweza kushuka usiku mmoja pamoja na jiko la jirani wa juu.

Ukiwa na nafasi, kata kwa mteremko: mita 1 kwenda juu, mita 1.5 kwenda nyuma. Au kata ngazi za kimo cha mita moja na nusu, kila ngazi ikiinamia ndani kidogo, na mtaro mdogo wa kutoa maji pembeni. Kama nafasi haipo, usifungue ukingo wote kwa mara moja. Kata kipande cha mita 2 hadi 3, jenga ukuta hapo, ruka kipande, kata kinachofuata, kisha rudi kwenye vile ulivyoviruka. Ni taratibu, lakini kilima hakijui kwamba umekigusa.

14. Nipande majani gani?

Paspalamu kwa sehemu bapa na kingo fupi. Kwa kingo ndefu, vetiva: mizizi yake inashuka wima mita 2 hadi 3, haitambai kwenda kwa jirani, na mbuzi hawaipendi ikikomaa. Panda kwa mistari inayofuata usawa wa kilima, shina kwa shina sentimita 10 hadi 15, bila pengo. Pengo moja kwenye mstari ni mlango wa maji. Matete ya malisho yanashika pia na yanalisha ng'ombe, mradi yasikatwe yote siku moja ya mvua.

Mikaratusi kwenye ukingo mwembamba siipendekezi. Inakua, inakuwa mizito, upepo unaitikisa, na chini yake mara nyingi udongo unabaki mtupu. Migomba ndiyo kabisa. Mizizi yake ni mifupi.

Panda mvua zikianza, Septemba hadi Novemba. Hadi majani yashike, tandaza nyasi kavu.

15. Ukuta wangu wa mawe ulikuwa mnene na simenti ilitosha. Kwa nini umeanguka?

Karibu kila mara jibu ni maji, si simenti. Ukuta wa kushikilia udongo usio na matundu ni bwawa. Maji yakijaa nyuma ya ukuta wa mita 3, yanausukuma kwa takriban tani nne na nusu kwa kila mita ya urefu wake, na bado hujahesabu udongo wenyewe. Fundi wengi wanajibu kwa kuongeza unene, kumbe walihitaji bomba.

Weka matundu ya kipenyo cha sentimita 7 hadi 10, kila baada ya mita moja na nusu au mbili, mstari wa kwanza ukiwa karibu na ardhi. Nyuma ya ukuta jaza kokoto, si kifusi kilekile chekundu, na kati ya kokoto na udongo weka kitambaa kinachochuja ili matope yasizibe. Juu ya ukuta pawe na mtaro wa kukinga (swali la 6). Mvua ikinyesha na matundu hayatoi hata tone huku udongo wa juu umelowa, yameziba. Yazibue kesho yake asubuhi.

## Uchafu mwingine wa shantye

16. Maji ya kuoshea toroli na chepeo za betoni yana ubaya gani? Ni simenti tu.

Maji ya simenti mbichi ni makali sana, pH yake inafika 12. Yanachoma ngozi ya mikono ya vijana wako, basi fikiria samaki. Yakiingia kwenye Mto Kawa yanaishia ziwani, na kule ndiko sambaza wanakovuliwa, na ndiko akina mama wengi wanakochota maji mabomba yakikauka.

Chimba shimo dogo, tandika shitingi isiyotoboka, osha vyote hapo. Maji yatakauka, simenti itaganda. Ivunje uitumie kama kokoto za kujazia. Kazi ya dakika kumi.

17. Mafuta ya mashine, rangi, mifuko ya simenti?

Mafuta yakae kivulini juu ya beseni, mbali na mtaro. Yakimwagika, rushia mchanga au vumbi la mbao, chota, weka kwenye ndoo. Usisafishe kwa maji. Brashi za rangi zioshwe kwenye ndoo. Mifuko ya simenti na nailoni ikusanywe kila jioni: taka zinazoelea ziwani zinasukumwa hadi mdomo wa Ruzizi na kuziba mitambo ya bwawa la Ruzizi I, ile iliyoanza kazi mwaka 1958. Ukiwa gizani jioni ukiisema vibaya SNEL, kampuni ya umeme, sehemu ya sababu huenda ilitoka kwenye shantye kama yako.

18. Choo cha wafanyakazi kina uhusiano gani na mvua?

Kisipokuwepo, vijana wanaenda nyuma ya rundo la mchanga, na mvua inayashusha hayo kwa jirani. Kwa mji unaoijua kipindupindu kama wetu, nadhani hapahitaji maelezo. Chimba choo cha muda juu ya usawa ambao maji hayafiki, kizungushie tuta.

## Sheria na majirani

19. Nina kibali cha kujenga. Kinatosha?

Kibali cha ofisi ya urbanisme (mipango miji) kinahusu jengo. Kwa miradi inayoweza kuathiri mazingira kwa kiasi kikubwa, Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 inadai tathmini ya athari kwa mazingira na jamii kabla ya kuanza. Nyumba ya familia kwa kawaida haifiki huko. Barabara, soko, kituo kikubwa cha mafuta au mtaa mzima wa nyumba ni habari nyingine. Uliza mapema, kabla ya kutia saini mkataba na mjenzi.

20. Matope yangu yameingia kwa jirani wa chini. Ananidai. Ana haki?

Kifungu cha 258 cha Kitabu cha Tatu cha Sheria ya Madai, cha tangu mwaka 1888, kinasema kwamba anayemsababishia mwingine hasara kwa kosa lake anapaswa kuifidia. "Ni mvua ya Mungu" ni jibu dhaifu kama kifusi kilikuwa chako na hakikufunikwa.

Lakini usingoje karatasi ya mahakama. Nenda siku hiyohiyo na vijana wawili na chepeo, mchote matope. Mwambie Papa au Mama wa nyumba utafanya nini ili yasirudi, na umwoneshe pale mtaro utakapopita. Mkiandikiana mbele ya shefu wa avenyu, kila mmoja abaki na nakala. Piga picha za mpaka kabla ya kuanza kujenga. Nyufa za zamani zina tabia ya kuzaliwa upya mtu akianza ujenzi jirani.

## Hali zisizo za kawaida

21. Nyumba za mtaa wangu zinapasuka na milango haifungi. Nichimbe shimo la kunywesha maji ya paa?

Hapana. Hapa ushauri wa kawaida unageuka. Kwenye uwanja ulio imara, kuzamisha maji ardhini ni jambo jema. Kwenye mteremko unaotembea, kila lita unayoizamisha inalainisha pale kilima kinapotelezea. Mteremko wa Funu, hapa mjini, unajulikana kwa hilo: utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulifuatilia mwendo wake kwa takriban miaka 70 na kuonesha kwamba kukua kwa mji juu yake kumechangia kuuongezea kasi.

Dalili ni miti iliyoinama, nyufa za nusu duara ardhini, ngazi zilizoachana na nyumba, chemchemi mpya kiangazi. Ukiziona, maji yote ya paa na ya kufulia yatolewe kwa bomba au mtaro uliojengwa hadi nje ya eneo, bomba zinazovuja zizibwe leo, na usikate mguu wa mteremko hata kwa nusu mita. Usiongeze ghorofa. Na kama hujanunua bado, usinunue, hata bei ikiwa ya kushangaza. Mara nyingi ndiyo sababu ya bei hiyo.

22. Korongo limefika mpaka wa parseli. Nilijaze takataka?

Watu wanafanya hivyo na mvua moja inazibeba zote. Korongo linakua kwa kichwa chake, pale maji yanapoangukia. Yakate maji hayo kwanza kwa mtaro wa kukinga, kisha weka vizuizi vya mawe ndani kuanzia juu kushuka (kanuni yake iko swali la 7), panda mianzi na vetiva kwenye kingo. Si kazi ya parseli moja. Mkiwa nyumba kumi juu ya korongo moja, mchango wenu unafika mbali kuliko ukuta wa mtu mmoja mwenye pesa.

23. Wafadhili wa mradi wetu wa shule wametuletea kielelezo cha mpango cha Kimarekani. Tukijaze tu?

Kisome kwanza kilitoka wapi. Kule Marekani, sheria ya maji safi ya mwaka 1972 na kanuni zilizoifuata zinadai mpango ulioandikwa kwa shantye inayofumua ekari moja au zaidi, yaani kama mita za mraba 4,000. Ukaguzi ni kila siku 7, au kila siku 14 pamoja na baada ya mvua ya milimita 6 hivi. Mvua ya kiasi hicho Bukavu tunaipata kila mara. Kwa hiyo chukueni kila siku 7 na baada ya kila mvua kubwa.

Daftari la ukaguzi ni la kuchukua kama lilivyo: tarehe, mvua, kilichobomoka, nani atakitengeneza, lini. Kisichofaa ni michoro inayodhani uwanja bapa na lori la kuzoa matope. Badilisheni hiyo, na muiambie ofisi ya mfadhili kwa maandishi kwa nini. Kwa kawaida wanakubali. Wanachoogopa ni karatasi tupu.

24. Mawingu yamejaa sasa hivi, udongo uko wazi, na nina vijana watatu tu. Nifanye nini kwanza?

Toa watu wote kwenye mashimo na chini ya kingo. Hilo halina mjadala.

Kisha nendeni juu, si chini. Mtaro wa kukinga, hata wa sentimita 20 kwa jembe, ukichepusha maji ya jirani, umepunguza kazi kwa nusu. Cha pili, shitingi zote juu ya rundo la kifusi na juu ya kichwa cha ukingo uliokatwa, mawe pembezoni. Cha tatu, simenti iinuliwe juu ya mbao. Ikibaki nafasi, mstari wa magunia upande wa chini, ncha zikikunjwa kuelekea juu.

Mpigie simu jirani wa chini, mwambie aondoe vitu sakafuni na watoto wasilale chumba kilichoegemea ukingo. Mvua ikikatika, usimruhusu mtu kurudi kwenye shimo hadi umeangalia nyufa juu ya ukingo kwa mwanga wa mchana.